Kuezeka nyumba Ireland: matete au mabua ya ngano?

Katika vijiji vya Ireland, mafundi wa kuezeka bado wanaulizwa swali hili. Kwa kudumu, matete yanashinda waziwazi: paa likiezekwa vizuri hufika miaka 25 au zaidi, ilhali mabua mara nyingi hayavuki 20. Lakini matete mengi siku hizi huagizwa kutoka nje, hata Uturuki, na gharama hupanda. Mabua yanaweza kulimwa jirani, ila yasipitie mashine za kisasa za kuvuna na kupura, maana huyaponda. Mgongo wa paa huchakaa mapema kwa yote mawili.

Nyumba ya kale yenye tabaka za mabua ya vizazi vilivyopita? Ongeza mabua juu yake, tafadhali. Kuyang'oa ni kufuta historia. Anayejenga upya na ana fedha, achukue matete.