Firestore kwa app ya chama: uzoefu wangu na data ya ngazi juu ya ngazi

Wasee mnaotengeneza app za chama ama sacco hapa Nairobi, kama data yenu ni chama, ndani yake wanachama, ndani ya kila mwanachama michango ya kila mwezi, mimi Firestore, hifadhidata ya mtandaoni ya Google, imenifaa sana na sioni nikiiacha.

Kwanza ukisoma dokumenti (rekodi moja, kama ya mwanachama) unaletewa hiyo dokumenti peke yake, sabukolekisheni zilizo chini yake, yaani makundi ya rekodi kama michango yake, haziji mpaka uziitishe. Realtime Database, hifadhidata nyingine ya Firebase (jukwaa la Google la kutengeneza app, lenye Firestore pia), ni mti mmoja wa JSON, yaani data yote kwa muundo mmoja wa matawi, ukisoma tawi linakuja na kila kitu kilicho chini yake, na kwa vitu vidogo vidogo iko sawa kabisa, lakini mweka hazina wetu ako Gikomba na bando ya kubahatisha. Yeye anafungua app anaona majina, akigusa jina la mtu ndio michango ya huyo inasomwa, na kwa sababu nimetumia onSnapshot, inayosikiliza mabadiliko ya data, mtu akilipa jumla inabadilika hapo hapo kwa simu, hata kama yuko katikati ya kufungua belo.

Sasa skia hapa kwa hesabu. Kiwango cha bure cha Firestore ni kusoma dokumenti 50,000 kwa siku, na kila dokumenti inayorudi inahesabiwa. Chama cha watu 30 wakiwa na michango ya miezi 12 hiyo ni dokumenti 360 kila mtu akitaka tu kujua jumla, kwa hivyo jumla iweke kwa dokumenti ya mwanachama mwenyewe, uiongeze na increment(), amri ya kuongeza namba, kwa batch (maandishi yanayotumwa pamoja) ile ile inayoandika mchango, hapo ukurasa wa kwanza unasoma 30 tu.

Ukitaka michango yote yenye hali ya "bado", usizunguke mwanachama mmoja mmoja, tumia collectionGroup('michango'), inayotafuta kwa sabukolekisheni zote zenye jina hilo, kisha uchuje. Itadai indeksi (orodha ya kurahisisha utafutaji), lakini ujumbe wa kosa kwa konsoli ya brauza huja na linki, bonyeza tu ungoje ijengwe.

Na mjue ukifuta dokumenti ya mwanachama michango yake haifutiki nayo. Kuna wenye hawapendi hiyo, mimi naipenda, hizi ni pesa za watu na mtu akitoka kwa chama rekodi zake lazima zibaki.