Ampea nyingi hazikuponya kamera: tathmini ya masanduku mawili ya umeme wa volti 12

Jengo tunaloishi Upanga, Dar es Salaam, lina ghorofa nne, maduka chini na familia juu, na ulinzi wake unategemea kamera 12 pamoja na milango miwili inayofunguliwa kwa kadi na kushikiliwa na vitasa vya sumaku. Kwa miaka miwili wakazi wenzangu wamenikabidhi usimamizi wa vifaa hivyo. Katika muda huo nimetumia masanduku mawili tofauti ya kugawa umeme, ambayo mafundi wetu huyaita pawasaplai, na ninayaeleza hapa kwa kuwa nimeona watu wengi wakiyachagua kwa kutazama tarakimu moja tu iliyoandikwa ubavuni, yaani ampea, kama sisi tulivyofanya mwanzoni.

Sanduku la kwanza tulilinunua Kariakoo. Ni la chuma, lina njia 18 za kutolea umeme, kila njia na fyuzi yake, na limeandikwa volti 12, ampea 20. Halina nafasi ya betri. Fundi aliunganisha humo kila kitu: kamera zote, vitasa vyote viwili, visoma kadi na bodi inayoviongoza. Kwa hesabu ya ampea hapakuwa na kosa lolote, kwa sababu kila kamera yetu hula ampea 0.6 inapowasha taa za infraredi za kuonea gizani, kwa hiyo 12 hula 7.2, na vifaa vya milango vyote pamoja hula 1.4. Jumla ni 8.6, chini ya nusu ya uwezo ulioandikwa, na hata ukifuata desturi njema ya kutopitisha asilimia 80 ya uwezo huo, nafasi iliyobaki ilikuwa kubwa.

Pamoja na hayo, kamera ya ukuta wa nyuma, iliyo umbali wa mita 60 kutoka kwenye sanduku, ilionyesha picha safi mchana kutwa na kupotea kila jioni. Ilizimika, ikawaka, ikazimika tena, hadi alfajiri. Muuzaji alitushauri tuchukue sanduku la ampea 30, akatuazima moja tulijaribu, nasi tukalifunga kwa usiku mmoja. Kamera iliendelea kuzimika vilevile.

Jibu lilipatikana kwa multimita ya kawaida, yaani kipimo cha umeme cha mkononi. Kwenye sanduku nilipima volti 12.1. Nilipanda ngazi ya ukuta wa nyuma saa 1 usiku, taa za kamera zikiwa zimewaka, nikapima kwenye plagi yake, nikakuta 9.6. Volti 2.5 zilikuwa zimepotea njiani, ndani ya waya. Kebo iliyotumika ilikuwa na nyuzi za shaba za milimita 0.5 za mraba, na kwa kuwa umeme huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, mita 60 za umbali ni mita 120 za waya, zenye ukinzani, yaani kizuizi cha waya kwa umeme unaopita, unaokaribia omu 4.1. Zidisha kwa ampea 0.6 na utapata hizo 2.5 zilizopotea. Mchana, taa zikiwa zimezimwa, kamera hula ampea 0.25 hivi, hasara ikawa volti 1 tu, na karatasi ya maelezo ya kamera inaruhusu kushuka hadi 10.8. Ndiyo maana iliishi mchana na kufa usiku: taa zikiwaka volti hushuka, kamera huzimika, taa nazo huzimika pamoja nayo, volti hupanda, kamera huwaka upya, na mzunguko huanza tena.

Ninalikazia jambo hili kwa sababu ushauri wa kununua ampea zaidi nimeusikia katika maduka matatu tofauti, na watu wema wanapoteza fedha kwa ushauri huo. Ampea zilizoandikwa kwenye sanduku ni kiwango cha juu ambacho sanduku linaweza kutoa kikiombwa. Hazisukumwi kwenda kwenye kamera, na haziongezi hata sehemu ya kumi ya volti mwisho wa waya mrefu. Kamera huchukua kiasi inachohitaji tu. Tulibadilisha kebo ya njia ile moja, tukaweka ya milimita 1.5 za mraba, hasara ikashuka hadi takriban volti 0.8, na tangu siku hiyo kamera ya ukuta wa nyuma haijazimika. Anayenunua kebo azingatie pia kuwa baadhi ya zile za bei nafuu ni za alumini iliyopakwa shaba juu. Ukikwangua uzi wake kwa kisu utaona weupe ndani, na ukinzani wake ni mkubwa zaidi kuliko wa shaba halisi ya unene uleule.

Kwa kamera peke yake, basi, sanduku hili la kwanza ninalisifu. Fyuzi zake ni za aina inayojirudisha yenyewe baada ya hitilafu kuondolewa, hivyo maji yalipoingia kwenye kiungo cha kamera ya lango wakati wa masika, njia ile moja ilijikata na nyingine 11 zikaendelea kufanya kazi. Volti yake hailegei mzigo ukiongezeka. Kasoro yake ni feni ndogo inayovuma na kuvuta vumbi, ambayo nimelazimika kuisafisha mara mbili kwa mwaka, na skrubu za terminali, yaani sehemu za kufungia nyaya, ambazo hulegea zisipokazwa tena baada ya wiki chache za kwanza.

Kwa milango halifai, na hapo ndipo kosa letu kubwa zaidi lilipokuwa. Kila mlango ulipofunguliwa, mistari ilipita kwenye picha za kamera zote kwa sekunde moja. Kitasa cha sumaku ni koili ya waya, na koili inapokatiwa umeme ghafla hurudisha mpigo wa volti nyingi kwenye nyaya zinazoilisha. Tiba ya kwanza ni diodi ndogo, kama ile ya 1N4007, inayofungwa kwenye terminali za kitasa kwa kuelekezwa kinyume cha mkondo ili iipe koili njia ya kumalizia nguvu yake. Diodi hizo tuliziweka na mistari ikapungua. Iliisha kabisa tulipotenganisha umeme wa milango na wa kamera.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Kitasa cha sumaku hushikilia mlango kwa umeme tu, hakina ulimi wa chuma, na umeme wa mtaa ukikatika mlango huwa wazi kwa yeyote anayeusukuma. Usiku mmoja umeme ulikatika kuanzia saa 5 hadi karibu na alfajiri, na mlinzi wetu alikaa kwenye kiti mbele ya mlango wa ngazi muda wote huo kwa kuwa hakukuwa na namna nyingine ya kuufunga. Namshukuru mpaka leo.

Sanduku la pili tulilinunua kwa ajili ya milango pekee, kwa bei iliyokaribia mara mbili ya lile la kwanza, ingawa limeandikwa ampea 5 tu. Ndani yake mna chaja na nafasi ya betri ya asidi iliyozibwa ya volti 12, saa-ampea 7 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), aina ileile inayotumika katika UPS ndogo, yaani vifaa vya umeme wa akiba, na ving'ora, kwa hiyo kuipata si shida. Umeme wa mtaa ukiwepo, sanduku hulisha milango na kuijaza betri kwa wakati mmoja. Ukikatika, betri hupokea mzigo bila mlango kuachia hata kidogo. Nimejaribu mara nyingi nikiwa nimeushika mpini wa mlango huku mwenzangu akizima swichi, na sikuhisi badiliko.

Betri hiyo hudumu kwa muda gani ni swali ambalo karatasi ya sanduku hailijibu vizuri. Hesabu ya haraka husema saa-ampea 7 zikigawanywa kwa ampea 1.4 ni saa 5. Lakini watengenezaji huandika uwezo huo kwa betri inayotolewa umeme polepole kwa saa 20, yaani ampea 0.35, na ukiitoa kwa kasi zaidi hutoa kidogo zaidi. Jumapili moja nilizima swichi saa 3 kamili asubuhi, betri ikiwa mpya, na sanduku likakata mzigo saa 7 na dakika 10. Saa nne na dakika kumi zinatosha mikatiko mingi ya mtaani kwetu, lakini hazingetosha usiku ule wa mlinzi. Ningependa kuweka betri ya saa-ampea 17 au 18, na hapa ndipo ninapolilaumu sanduku hili: haitoshei ndani, wala mtengenezaji hakuacha tundu la kupitishia nyaya kwenda kwenye betri iliyo nje.

Ninachokithamini zaidi ni kwamba linakata mzigo betri inapofika volti 10.5 badala ya kuiacha ikauke umeme. Betri ya asidi inayokaushwa mara kwa mara haidumu, na masanduku ya bei ya chini mara nyingi hayana ukataji huu. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji jambo hilo moja, na asipojua, omba karatasi ya kifaa uisome mwenyewe.

Swali ambalo nimeulizwa na majirani ni kwa nini tusihamishie kamera nazo kwenye sanduku la aina hii lenye betri. Sababu ni kwamba sanduku linalojaza betri hutoa volti 13.8, wala si 12, kwa kuwa betri ya volti 12 huhitaji volti zinazozidi 12 ili ijae. Vifaa vya milango vyetu vinakubali kiwango hicho. Kamera zetu zinaruhusu asilimia 10 juu au chini, yaani mwisho 13.2, na kamera ya karibu, yenye waya wa mita tano, ingepokea karibu 13.8 zote kila siku. Zipo kamera zinazoruhusu asilimia 25, na kwa hizo hapana tatizo. Isitoshe, kamera zenye umeme bila kinasa, yaani kifaa cha kurekodi picha, chenye umeme hazihifadhi chochote, kwa hiyo tumeweka sanduku la kamera na kinasa kwenye UPS moja.

Anayejenga upya na kununua kamera za mtandao anaweza kukwepa sehemu kubwa ya habari hii kwa kutumia swichi ya PoE, yaani kifaa cha kuunganishia nyaya za mtandao, inayopeleka umeme wa volti 48 hivi ndani ya kebo ileile ya data hadi mita 100. Kinachopaswa kutazamwa huko ni wati za swichi nzima: kiwango cha PoE kiitwacho 802.3af huruhusu wati 15.4 kwa tundu, lakini swichi ya matundu manane yenye wati 60 kwa jumla haiwezi kuyalisha yote manane kwa kiwango hicho. Adapta za ukutani, moja kwa kila kamera, ninaziona zinafaa nyumba ya kamera moja au mbili.

Jambo moja halihusu bei wala ubora, nalo ni uhai wa watu. Mlango wenye betri hubaki umefungwa hata umeme wa jengo ukizimwa wakati wa moto. Sanduku letu la pili lina terminali za kuunganishia king'ora cha moto ili liachie vitasa mara moja, na tumezitumia. Juu ya hapo, kila mlango una kitufe cha dharura upande wa ndani, kinachokata waya wa kitasa chenyewe bila kupitia bodi yoyote. Sanduku lisilo na terminali hizo nisingelifunga kwenye mlango wa ngazi za kutokea, kwa bei yoyote ile.

Mwanzoni sanduku la milango lilikuwa chini ya paa la bati, mahali ambapo mchana mkono hauvumilii kugusa chuma. Betri za asidi hupoteza takriban nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazozidi 25, kwa hiyo tumelishusha hadi kwenye chumba cha mita za Luku, ghorofa ya chini. Betri ya sasa nimeiandikia tarehe ubavuni kwa wino usiofutika, na kila baada ya miezi mitatu nazima swichi Jumapili saa 3 asubuhi na kuandika saa ambayo milango imeachia. Mara ya mwisho ilikuwa saa 6 na dakika 35.