Pink Floyd: mkusanyiko au albamu nzima?
Washkaji wa hapa Kigoma wanaotaka kuanza progresivu roki, ile roki ya nyimbo ndefu zenye mpangilio tata, kwa bendi ya Uingereza ya Pink Floyd huwa wananiuliza wachukue mkusanyiko wa nyimbo zao bora au albamu nzima, mi nawaambia inategemea unatafuta nini. Ule mkusanyiko wa Echoes wa 2001 una nyimbo 26, unaanzia enzi za Syd Barrett, kiongozi wao wa kwanza, mpaka mpiga gitaa David Gilmour alipokuja kuongoza, na kwa mtu wa Mwanga anayeungaunga bando ni nafuu kweli, unadaunlodi mara moja unaijua bendi ilikotoka.

Ila sasa wimbo wenyewe wa Echoes! Kwenye albamu ya Meddle ya 1971 umejaza upande mzima wa pili wa santuri, dakika 23 na ushee, unaanza na kile kinoti kimoja cha piano kama tone la maji, gitaa linaingia taratibu, katikati muziki unayeyuka wote inabaki milio ya ajabu na upepo kabla haujarudi. Kwenye mkusanyiko wameukata ukabaki kama dakika 16, na hapo ndo naumia jamani, maana kule kusubiri ndo utamu wenyewe. Wimbo wao wa Money sawa, unasimama wenyewe popote. Echoes nenda Meddle, tena na hedifoni.