Kugeuza Kompyuta Yako Kuwa Terminali ya Meinfremu: Nunua Nini Kwanza?

Kabla hujatoa hela, zunguka nyuma ya meinfremu, ile kompyuta kubwa ya zamani unayotaka kuingia, uangalie waya zinazotoka. Hizo ndizo zitakazokuambia ununue nini. Mimi niliwahi kununua kadi ya koaksia, ya kuunganisha kompyuta kwa kebo nene ya mviringo kama ya televisheni, kumbe meinfremu niliyoilenga ilikuwa na anwani ya mtandao kwa miaka mingi. Kadi ile haijachomekwa hadi leo.

Chaguo la kwanza, bila kusita, ni programu ya kuigiza terminali, yaani skrini na kibodi za kuongea na mashine hiyo, kupitia mtandao. Meinfremu za IBM hutumia TN3270, yaani terminali za aina ya 3270 kupitia Telnet, na programu ya x3270 ni ya bure. Kwenye Windows utatumia ndugu yake, wc3270. Mwenye AS/400, kompyuta ya IBM ya ukubwa wa kati, atafute programu ya kuigiza terminali zake za 5250, kwa mfano tn5250. Ukiamua kununua ya kulipia, hakikisha kwanza ina TLS, usimbaji wa mawasiliano, maana Telnet tupu hupitisha nywila bila kuificha. Pili, iweze kuhamisha mafaili kwa IND$FILE, programu ya meinfremu ya kazi hiyo. Tatu, ikuruhusu kupanga upya vitufe, na hili watu wengi hulipuuza. Terminali ya 3270 huweza kuwa na vitufe 24 vya amri (PF), ilhali kibodi yako ina vitufe 12 tu vya F. Tena, ukiandika mahali pasiporuhusiwa, kibodi hujifunga mpaka ubonyeze Reset. Kama hujui Reset imewekwa kitufe gani, utadhani mashine imekufa. Kwa ripoti pana, uliza pia kama inaonyesha Model 5, ukubwa wa skrini wenye mistari 27 ya herufi 132. Model 2 ya kawaida ni mistari 24 ya herufi 80.

La pili ni adapta ya USB ya RS-232, laini ya siriali ya zamani, kwa VAX za kampuni ya DEC na mashine nyingine zinazotarajia VT100, terminali ambayo DEC waliitoa mwaka 1978. Chagua yenye chipu halisi ya kampuni ya FTDI. Chipu bandia hukataliwa na draiva, nawe unabaki kulaumu kebo. Usichukue adapta ya TTL ya volti 3.3 au 5 ukidhani ni ile ile, kwani volti za RS-232 zinaweza kuiunguza. Mara nyingi utahitaji pia kebo ya kupishanisha, ambayo waya wa kutuma wa upande mmoja unaingia kwenye pini ya kupokea ya upande wa pili. Kwa programu, PuTTY au Tera Term zinatosha. Anza na kasi ya biti 9600 kwa sekunde, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimamisha.

Kadi ya koaksia au twinaksi naiweka ya tatu: inunue pale tu ambapo njia pekee ya kuingia ni kidhibiti cha terminali cha aina ya 3174 (koaksia), au laini ya twinaksi ya AS/400. Kebo ya koaksia iwe RG-62 ya omu 93, si ile ya televisheni yenye omu 75. Angalia kama kompyuta yako ina nafasi ya kuchomeka kadi za zamani za ISA au PCI, na kama draiva inakubali mfumo ulio nao. Wengi hukwama hapo.

Terminali halisi ni ya mwisho, ingawa kibodi zake nazipenda mno. VT220 ya DEC utaichomeka moja kwa moja kwenye laini ya siriali, lakini 3278 ya IBM haifanyi kazi bila kidhibiti, na mara nyingi huuzwa bila kibodi yake. Mwombe muuzaji picha ikiwa imewashwa, kibodi ikionekana.