Thunderbird kwa wenye imeli inayojaa kila saa (naitumia ofisini, Tanga)

Kama imeli yako ya ofisi inajaajaa na kila ikijaa unaambiwa ulipie nafasi, pakua Thunderbird kwanza kabla hujatoa hela. Ni programu ya bure ya kusoma na kutuma imeli, imetoka kwa Mozilla, ipo tangu 2004, inaingia kwenye Windows, Mac na Linux. Kompyuta yetu ofisini ni ya siku nyingi na inaibeba vizuri tu. Naipa nyota nne kati ya tano.

Sisi tunatoa mizigo bandarini hapa Tanga, na wanaoijua kazi hii wanaelewa, mzigo mmoja una BL (hati ya meli ya mzigo), invoisi, orodha ya vifurushi, vibali, vyote vimeskaniwa PDF tena za rangi, mteja anatuma, wakala wa meli anajibu, mwingine anafowadi na mafaili yake yote, yaani karatasi moja inazunguka mji mzima. Imeli ya maneno matupu haili kitu, ni KB chache tu, kinachojaza ni mafaili. Na kuna hili wengi hawalijui, faili likiingia kwenye imeli linageuzwa kuwa maandishi ili lisafiri, hapo linavimba kama theluthi nzima, PDF ya MB 6 kwenye diski inakula kama MB 8 kwenye boksi. Halafu ukiifowadi inakaa tena kwenye Sent (folda ya ulizotuma), watu wanafagia inboksi wee, Sent hawaigusi kabisa!

Hapo ndo nimeipenda hii programu. Unaongeza safu ya Size, unabonyeza, imeli zinajipanga kwa ukubwa na mizigo mizito yote inakaa juu unaiona kwa macho. Ukifika kwenye imeli nzito unabonyeza faili kwa kitufe cha kulia, unachagua Detach, faili linahamia kwenye folda ya kompyuta na maneno ya imeli yanabaki palepale. Gmail ukitafuta kwa kuandika larger:10M itakuletea zinazozidi MB 10, ni msaada mkubwa, lakini huwezi kutoa faili ukabakiza imeli, ni kufuta yote au kuacha yote. Na zile GB 15 za bure za Google zinachangiwa na Drive na picha pia, kwa hiyo angalia kwanza kinachokula nafasi ni imeli kweli au picha za harusi.

Bosi wetu, bi mkubwa, yeye alikuwa anasema "futa tu mwanangu, ya zamani ya nini". Nikamwambia hapana bi mkubwa, forodha wanaweza kukudai nyaraka za mzigo ndani ya miaka 5, tukifuta tutajibu nini? Basi za zamani tunazihamishia kwenye Local Folders, zinatoka kwenye seva (mashine ya mwenye huduma ya imeli) zinakaa kwenye kompyuta yetu, na kutafuta bado unatafuta humohumo. Ila sasa zipo kwenye mashine hiyo tu jamani, mashine ikifa zimekufa, lazima kopi ikae kwenye diski ya nje. Na gawa folda kwa mwaka au kwa mteja, kwa sababu kwa kawaida Thunderbird inaweka folda nzima kama faili moja, likizidi GB 4 fleshi zenye mpangilio wa FAT32 zitalikataa.

Nyota moja nimeibana kwa mambo mawili. La kwanza, ukifuta au ukihamisha imeli, faili la folda kwenye diski halipungui mpaka ufanye Compact (kulibana), unafuta weee ukiangalia diski iko vilevile, mgeni ataona programu mbovu. Bonyeza folda kwa kulia, chagua Compact, ndo inapungua. Hiyo ni diski ya kompyuta, upande wa seva usisahau kumwaga Trash, Gmail inaziweka humo ulizofuta siku 30 zikiwa bado zinahesabiwa kwenye nafasi yako.

La pili ni bando. Ukiunganisha kwa IMAP (njia ambayo imeli zinabaki kwenye seva) na kuiacha ilivyo itaanza kushusha boksi zima, kama unatumia hotspoti ya simu utalia. Nenda kwenye Synchronization & Storage uiambie ishushe za siku 30 za karibuni, au isishushe inayozidi ukubwa fulani, siku ukipata waifai nzuri ndo uiachie. Ofisi zenye POP (njia ya kushusha imeli zikae kwenye kompyuta) nao wana chaguo zuri sana, imeli ikishashuka inakaa kwenye seva siku 14 tu, au idadi unayoweka wewe, kisha inaondoka yenyewe.

Ya Android nayo ipo tangu 2024, nzuri kwa kusoma na kujibu, ila kazi ya kufagia fanya kwenye kompyuta.

Kama hujiwezi na kompyuta, mpe kijana yeyote wa stationari pale Ngamiani akuwekee, haimchukui muda. Neno la siri charaza mwenyewe kwa mkono wako, usimwandikie kwenye karatasi wala usimtumie WhatsApp.