Kuni za maranda jijini Mwanza: moto mzuri, adui wake maji

Kuni za maranda zinazoshindiliwa kwa mashine ya skrubu zina tundu katikati, na thamani yake iko hapo: hewa hupita ndani, moto unashika haraka na moshi unapungua. Hazina gundi. Joto la mashine hulainisha lignini, kitu cha asili kinachoshikanisha nyuzi za mti, nayo ikipoa inayashika maranda yakawa kitu kimoja. Ndiyo maana maranda mabichi huharibu kazi: unyevu ukizidi kama asilimia 15, mvuke hutafuta pa kutokea na kuni inatoka na nyufa, au inapasuka kabisa.

Kabla ya kununua, vunja moja. Iliyo nzuri inakatika kwa mlio mkavu, ndani imebana, na ganda lake limeungua kidogo hadi kahawia. Ikimomonyoka vidoleni, iache.

Kwa mama lishe anayechemsha maharage, au wakaangaji samaki wa soko la Mwaloni Kirumba, tunazipendekeza bila kusita, ila kwenye jiko la kuni, siyo la mkaa. Zikilowa tu zinavimba na kurudi kuwa maranda, na masika hapa ziwani hayana huruma. Zipange juu ya chaga, zifunike kwa turubai.

Muulize pia muuzaji maranda yametoka wapi. Ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa yanaweza kuwa na sumu ya aseniki. Hayo yasisogee jikoni hata ukipewa bure. Ya ubao wa MDF, ule wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, nayo yana gundi, yakataeni.