Wakili aliyenisaidia na fidia ya WIBA: nampa nyota nne, moja nimebaki nayo

Mimi nafanya kazi ya ambulansi hapa Kenya, kampuni ya watu binafsi, na nilivunjika kifundo cha mkono tukishusha mgonjwa ngazi za flati, strecha ikateleza upande wangu mkono ukabanwa kati ya chuma na ukuta. Tangu nilipwe watu wananiuliza kama wakili niliyemtumia ni wa maana ama ni wale wa kula tu, kwa hivyo nasema yote hapa.

Kwanza, kuanzisha dai la WIBA, ile sheria ya 2007 ya kulipa fidia mfanyakazi akiumia kazini, hauhitaji wakili. Ukiumia unamwambia mwajiri, hata kwa mdomo sheria inakubali, halafu ni yeye anafaa kuripoti DOSH, ile ofisi ya serikali ya usalama na afya kazini, ndani ya siku 7, na kama mtu amekufa ni masaa 24. Kuna fomu inaitwa DOSH/WIBA 1, mwajiri anajaza sehemu yake, daktari anajaza yake akisema ulemavu wa kudumu ni asilimia ngapi, DOSH wanapiga hesabu. Hadi hapo ni kazi unaweza fuatilia mwenyewe. Na wale majamaa wanazunguka wodi na bahasha ati "saini hapa tumpeleke bosi kortini", achana nao, kifungu cha 16 cha hiyo sheria kilifunga hiyo njia na Mahakama ya Juu ikakubali hivyo Disemba 2019.

Sasa mbona nikatafuta wakili? Hesabu bana. Ulemavu wa kudumu unahesabiwa hivi, mapato yako ya mwezi mara 96, halafu unazidisha na ile asilimia ya daktari. Ofisi yetu ilikuwa imeandika mshahara wa msingi peke yake. Huyu mzee wakili alinikalisha akatandaza pei-slipu zangu mezani, akachukua biro nyekundu akawa anazungushia ile posho ya usiku, moja baada ya nyingine, hata haniangalii, mwishowe akauliza tu, "Hii inaingia kila mwezi?" Nikamwambia ndio mzee. "Basi hiyo ni mapato." Unaweza ona ni kitu kidogo lakini chukua mtu wa elfu 40 aliyepewa asilimia 10, anapata 384,000. Ongeza posho ya 6,000 kwa huo mshahara, inakuwa 441,600. Hiyo tofauti ni karo ya mtoto na ilikuwa inapotea hivi hivi kwa sababu ya laini moja kwa fomu!

Aliandika pingamizi akalipeleka kwa Mkurugenzi wa DOSH (uko na siku 60 tangu uamuzi utoke, ukipitisha hapo ni shida), na bado angekuwa na nafasi ya kukata rufaa korti ya wafanyakazi lakini hatukufika huko. Kitu kingine alikiona mimi nikiwa sina habari, kile kipindi niko na plasta nilikuwa nalipwa nusu mshahara na nikashukuru hata, kumbe ukishindwa kabisa kufanya kazi kwa muda unafaa kulipwa mapato yako yote, mpaka miezi 12. Barua moja tu, wakalipa.

Bima ndio walinisumbua, sheria inawapa siku 90 baada ya dai kuingia na wao wanakuuliza karatasi ile ile uliwapelekea juzi. Wekeni kopi za kila kitu jamani, hadi risiti ya eksirei.

Kilichonifurahisha zaidi ni vile hadanganyi. Nilimpelekea rafiki yangu wa zimamoto mwenye kifua kinamsumbua, mzee akamwambia wazi magonjwa ya kazi yanalipwa lakini bila daktari wa kuunganisha hicho kifua na kazi yake asilete pesa kwanza, aende hospitali. Wengine wangechukua tu diposti.

Ile nyota moja ni ya simu. Hashiki! Unapiga unaambiwa na karani "ako kortini", jioni ako kwa mkutano, kesho ako safarini, na mtu umekaa nyumbani mkono umefura unajiuliza faili iko wapi. Pia malipo yake ilibidi nimsukume ndio ayaandike kwa karatasi, akaandika, ila hilo lingefaa litoke kwake. Ukimtaka mpigie asubuhi sana kabla hajaingia mahakamani, ama enda tu ukakae pale kwa benchi, akikuona anakuhudumia.